Mfuko Ukishajibu, Mdomo Hauulizi

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Saa nzuri, mishale yake ya rangi ya dhahabu, na inagonga kila saa kamili utadhani humu ndani kuna mtu anayechelewa mahali. Nimeitundika sebuleni, juu ya kochi la watu watatu ambalo nalikalia mwenyewe. Halafu mkanipa na kazi juu yake: niandike mambo ya kazini, vijana wanaoingia kitengoni wasome. Mkuu wenu akasisitiza isiwe historia ndefu. Ana haraka zake yule. Mimi sina, kwa hiyo mtanivumilia.

Habari za vyeo sitaziandika. Sikupanda sana, na ngazi za jengo letu zilinitosha. Nitaandika habari za kuuliza, maana ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote: kuuliza watoto na vijana wa mji huu kama wanavunja sheria, ipi, na mara ngapi, halafu kugeuza majibu yao kuwa namba. Mtu akisikia hudhani ni kazi rahisi. Lakini anayevunja sheria hujificha, na mtoto anayevunja sheria hujificha mara mbili, kwa askari na kwa mama yake.

Nilipokelewa na Bi Zuhura, mkuu wa kitengo wakati huo. Alikuwa mama wa Kariakoo wa enzi na enzi, babu zake wamezikwa hapa hapa, ushungi wake unanukia udi, na takwimu alizisomea mpaka zikamkoma. Alitazama cheti changu upande mmoja, akakigeuza kutazama mgongo wake, akanirudishia.

"Kijana wa mlimani," akasema, "miguu unayo?"

Nikasema ninayo. Akanituma vituoni kunakili hesabu za watoto waliokamatwa. Nilizunguka na kalamu yangu mpaka soli ikaisha, nikarudi na jedwali safi, nimelipigia mistari kwa rula. Katika kituo kimoja makosa ya watoto yalikuwa yamepanda ghafla, na mimi nikaandika aya nzima kueleza jinsi maadili yanavyoporomoka katika mtaa ule. Bi Zuhura akaisoma akitafuna karafuu. Kisha akaniuliza kama niliwauliza wale askari mwaka ule walipata nini kipya. Nikarudi kuuliza. Walikuwa wamepata gari.

Hilo ndilo somo la kwanza, na liandikeni mahali. Kitabu cha kituoni kinapima wanaokamata, si wanaokamatwa. Gari likiharibika, watoto wote wa mtaa wanakuwa malaika. Ile aya yangu ya maadili Bi Zuhura aliikunja akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba, na meza ikatulia kweli.

Baada ya hapo tukaenda kwa wenye maduka. Wazo lilikuwa zuri: kama wakamataji hawajui, waulizwe wanaoibiwa. Nikapewa Kariakoo, kwa kuwa nina ndugu pale. Nawaambieni, hakuna aliyeibiwa na mtu mzima katika soko lile. Kila kilichopotea, kuanzia jora la kitenge hadi mzani, kimechukuliwa na "hawa vijana". Umewaona? Sikuwaona, lakini nani mwingine? Baba yangu mdogo, aliyekuwa na duka la jumla la vyombo, yeye alisema hajawahi kuibiwa hata kijiko. Nikashangaa, kwa sababu Krismasi iliyotangulia alikuwa amelalamika kijiji kizima kuhusu masufuria yaliyopotea. Nilipomkumbusha, akanivuta pembeni akanionya nisiende kuandika serikalini kwamba Mchaga ameibiwa. Basi katika takwimu zile duka lake lilikuwa salama kuliko benki.

Kwa hiyo ikabaki kuwauliza wenyewe, na hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa kazi. Tulianza na wadodosaji watu wazima, walimu wastaafu, wenye heshima zao. Wanafika, mtoto anaamkia shikamoo, anaitikiwa marahaba, kisha anaulizwa kama amewahi kuiba. Sasa ninyi mliozaliwa hapa niambieni: ni mtoto gani aliyelelewa, aliyekwishatoa shikamoo, atakayefungua kinywa kile kile aseme ndiyo, mzee, nimeiba? Majibu yote yalikuja Hapana. Tukabadilisha, tukatafuta vijana wenzao, wanaosalimiana nao mambo na poa. Loo! Hapo kila mmoja akawa jambazi. Kuna kijana mwembamba wa Msimbazi alisema ameteka lori. Bi Zuhura akaniuliza kama kuna lori lililotekwa mwaka ule mjini, nikasema hakuna, akasema basi huyu tumwandike katika waongo, tuone kama waongo nao wanaongezeka.

Tukawa na namba mbili, moja ya adabu na nyingine ya majivuno, na ukweli uko katikati mahali pasipojulikana. Wakati ule nilikuwa nimeshaoa, na tulikuwa na mtoto mmoja, Aikande, tukimwita Aika. Nilikuwa narudi Upanga jioni, nakula kimya, kichwani nawaza maswali. Mama Aika alikuwa akisema ana mume anayejua habari za watoto wote wa mjini isipokuwa wa kwake. Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania.

Dawa aliileta Bi Zuhura kutoka kwenye mkutano wa wanatakwimu, ni njia inayojulikana duniani, si yetu. Unampa mtu mfuko wenye vitu vya rangi mbili. Anaingiza mkono, anatoa kimoja, anakitazama peke yake, wewe umegeuka. Akitoa rangi hii, anajibu swali kwa kweli. Akitoa rangi ile, anasema Ndiyo tu, hata kama hajawahi kuua nzi. Kisha anakirudisha. Wewe unaandika Ndiyo au Hapana, na hujui kama Ndiyo hiyo ni ya mtu au ni ya mfuko. Lakini kiasi cha kila rangi umekiweka mwenyewe, kwa hiyo ukishakusanya majibu ya watu wengi unatoa zile Ndiyo ambazo mfuko ungezisema, zinazobaki ni za watu. Unaujua umati, humjui mtu. Mtoto anaweza kukuambia kweli huku amejificha.

Kuna jambo moja katika njia hiyo ambalo nawaomba mlishike, maana nitalirudia. Anayesema Ndiyo humjui. Lakini mfuko haumlazimishi mtu kusema Hapana. Kwa hiyo Hapana ni jibu la mtu mwenyewe, na ndilo jibu pekee la mtu mmoja mmoja unaloweza kuliamini.

Tulianza kwa kosa. Tulitia mfukoni punje za mahindi na maharage, kwa kuwa ni rahisi na zipo. Vijana wa sokoni wanapima nafaka tangu wakiwa wadogo, vidole vyao vinajua. Mtu anapapasa, anachagua anachotaka, anatoa. Wengine wakaanza kuwekeana dau nani atatoa harage. Na siku moja Msimbazi, mdodosaji wetu akiwa amekaa mkekani na kijana, kamwaga punje zile azipange upya, bibi wa nyumba akatoka ndani, akaziona, akachukua ufagio. Nyumbani kwake hapapigwi ramli, akasema. Tukamweleza kuwa ni takwimu. Akasema hata anayepiga ramli mtaa wa pili naye ana jina lake analolipenda. Tulifagiwa sote pamoja na punje zetu mpaka barabarani.

Mama Aika ndiye aliyetuokoa. Alikuwa fundi cherehani, anashonea nyumbani, na nilipomsimulia mkasa ule alicheka hadi akaegemea mashine. Kesho yake alikwenda Kariakoo akarudi na vifungo vya shati, vyeupe na vyekundu, ukubwa mmoja, matundu manne, ukifumba macho huwezi kuvitofautisha. Akashona mfuko kwa vipande vya kitenge vilivyobaki, wenye mdomo wa kamba, mpana wa kutosha mkono wa mtu mzima. Cheupe, sema kweli. Chekundu, sema Ndiyo. Bi Zuhura aliufunga na kuufungua, akautia mkono, akatoa, akasema mke wangu anastahili kuajiriwa kabla yangu. Ofisi iliagiza mingine kwake. Mpaka mlipoletewa hivyo vishikwambi vyenu vya kusikiliza kwa visikilizio, kitengo hiki kilitembelea mifuko ya Mama Aika.

Bi Zuhura alikuwa na kanuni mbili kuhusu mifuko ile, na mtu aliyezivunja alimhamishia ghala la makaratasi. Ya kwanza: swali ambalo huthubutu kuliuliza mezani kwako, usiende kumuuliza mtoto wa mwenzio. Kwa hiyo kila dodoso jipya tulilijaribu kwanza nyumbani, kila mtu na familia yake, na mwenye nyumba naye anaingiza mkono kama wengine. Ya pili aliisema kwa maneno niliyoyaweka juu kule: mfuko ukishajibu, mdomo hauulizi. Hufuatilii. Hukonyezi. Humwiti mtu pembeni ukamwambia sasa tuko wawili, niambie. Siku moja tu ukifanya hivyo, mtaa mzima utajua kuwa mfuko ni mtego, na hakuna mtoto atakayekuambia kweli tena.

Basi Jumapili moja baada ya ibada tumekula ndizi, vyombo havijaondolewa, nikaleta mfuko mezani. Aika alikuwa kidato cha tatu, umri ule wa mtoto kujibu kwa mabega. Siku hizo walikuwa hawaelewani na mama yake. Alikuwa amekutwa Kariakoo saa za shule, na rafiki yake mmoja muuza nguo. Nikawaeleza utaratibu. Nikasoma maswali ya dodoso moja moja, tukizungusha mfuko, tukajibu, tukacheka. Ikafika hili, ambalo lipo hata katika madodoso yenu: je, umewahi kupanga kuondoka nyumbani usirudi?

Mama Aika akaingiza mkono, akatazama kiganja chake, akasema, "Hapana."

Aika akaingiza mkono. Alikitazama kifungo chake kwa muda kidogo. "Ndiyo," akasema, akitazama dirishani.

Nikaingiza mkono mimi. Kifungo changu kilikuwa chekundu. Nikasema, "Ndiyo."

Mama Aika akaanza kukusanya sahani. Nami nikaandika, nikasoma swali lililofuata, kama mtaalamu.

Niwaambie ukweli, tangu siku ile sikulala vizuri nyumbani kwangu. Nilikuwa nasikiliza mlango. Mtoto akichelewa dukani nasimama barazani. Akifunga chumba chake, natafuta sababu ya kubisha, nimwombe kalamu, nimuulize kama ameona miwani yangu iliyo usoni kwangu. Kichwa kilikuwa kinanifariji kwa hesabu: Ndiyo ile inaweza kuwa ya mfuko. Ni kweli, inaweza. Nilikuwa najua kabisa uwezekano wake, niliweka vifungo vile mwenyewe. Hesabu inamfariji mtu mchana, ofisini, mbele ya wenzake. Ukiwa peke yako umesimama nje ya mlango wa mwanao, haina faida.

Mama Aika aliniambia, "Muulize mtoto."

Nikamwambia siwezi, mfuko ukishajibu mdomo hauulizi.

"Mfuko nimeushona mimi," akasema. "Usinifundishe habari zake."

Lakini yeye naye hakumuuliza. Wala hakuniuliza mimi. Nilingoja aniulize kama changu kilikuwa cheupe au chekundu, nilikuwa na jibu mdomoni. Kujisemea mwenyewe niliona ni kujitetea, na mtu anayejitetea kabla ya kushitakiwa mnajua anavyoonekana. Yule mwanamke alikuwa na haya za kwao. Jambo zito hulizungukia, hulifulia nguo, hulipikia, halisemi. Tukaendelea kuishi. Aika hakuondoka. Alimaliza shule, akaacha kwenda Kariakoo saa za masomo, akawa mpole kwa mama yake kiasi kwamba majirani walituuliza tumemfanya nini. Nikaiandika ile Ndiyo katika hesabu za mfuko, nikashukuru Mungu. Ila kila akinitazama, nilihisi kuna kitu ananipima nacho.

Mitaani, mfuko ulifanya kazi kuliko tulivyotarajia. Vijana waliupenda. Walisema huu hauwezi kwenda polisi. Namba tuliyoipata ilizidi sana vitabu vya vituoni, na ilikuwa ndogo mno kuliko walivyodai wenye maduka, kwa hiyo haikumfurahisha mtu yeyote. Mkiona namba ya namna hiyo msiitupe haraka. Mkubwa mmoja, sitaitaja wizara yake, alituita akasema kazi nzuri, sasa leteni majina. Bi Zuhura akamwambia hatuna. Akasema mnayo, ila mnayaficha. Bi Zuhura akamwekea mfuko mezani, akamwomba aingize mkono, naye Bi Zuhura amuulize swali moja tu kuhusu safari zake za kikazi. Mkubwa akakumbuka ana kikao.

Kesi iliyonikaa kooni si hiyo, ni ya mama lishe mmoja nyuma ya soko. Mwanawe alikuwa katika sampuli yetu, kijana mkubwa wa kubeba mizigo. Mama alimwona anaingiza mkono mfukoni, akamwona anajibu, midomo aliiona, maneno hakuyasikia. Tulipomaliza akaniita nikakae penye benchi lake. Akaniuliza kwa sauti ya chini, mwanangu amesema nini? Nikamwambia kwa heshima kwamba siruhusiwi, na hata ningeruhusiwa, sijui. Ameingiza mkono na akajibu, neno nimelisikia, lakini sijui kama ni lake au ni la mfuko.

Akaweka mwiko chini. "Baba," akasema, "kazi gani hiyo, unamuuliza mtu ili usijue?"

Nikamwambia mimi nimefungwa na kanuni, yeye hajafungwa na chochote, amuulize. Akasema, je, akinidanganya? Nikamwambia atakuwa amejua kwamba wewe unataka kujua, na hilo si dogo. Nilipopita tena alinimiminia chai akasema tu, nimemuuliza. Uso wake haukuwa wa furaha, lakini ulikuwa umetua. Nilikunywa chai ile nikiwa na wivu. Nilimpa ushauri mama wa watu, nikarudi Upanga kubisha mlango wa mwanangu nimwombe kalamu.

Bi Zuhura alistaafu, akaugua, tukamzika. Mama Aika alifuata miaka kadhaa baadaye. Ulikuwa ugonjwa wa muda mfupi, hospitali ya karibu kiasi kwamba nilikuwa natembea kwa miguu kumpelekea uji. Hakuniuliza hata siku zile. Nawaambia hivi siyo ili mnionee huruma, ila ninyi ni wanatakwimu na mtaelewa. Katika meza ile ya watu watatu, mmoja tu ndiye niliyemjua kwa hakika. Yeye peke yake alisema Hapana, kwamba hajawahi kupanga kuondoka. Na ndiye aliyeondoka. Nilirudi kutoka makaburini nikakaa kwenye lile kochi, nikaona hakuna kitu nilichosoma kinachosaidia.

Aika alikuwa ameshahamia Mwanza. Ana duka la nguo sasa, kubwa, na anakuja Kariakoo kuchukua mzigo. Akija hulala gesti karibu na soko. Anasema mizigo inafungwa alfajiri, Upanga ni mbali. Upanga na Kariakoo, jamani! Ukikohoa huku, kule wanakupa pole. Lakini sikumuuliza. Alikuwa anakuja kunisalimu, ananiamkia, anaweka matunda kwenye friji, anatazama saa, ananiaga. Mimi namsindikiza mpaka kwenye ngazi. Chumba chake nilikuwa nakifagia mwenyewe kila wiki, natandika shuka, nafunga mlango.

Nilipoanza kuandika haya mliyoniomba, nilishusha sanduku la kazini kutafuta mfuko wa kwanza, niupime, niwaelezee upana wake. Aika akanikuta nao mezani. Alikuwa amekuja kuaga, mzigo wake umeshapakiwa. Akaukamata, akapitisha kidole kwenye mshono, taratibu, nikajua anaushika mkono wa mama yake. Kisha akakaa, jambo ambalo huwa halifanyi akiwa safarini.

Sijui niseme nilipata wapi ujasiri. Labda ni kwamba nimestaafu, na kanuni za Bi Zuhura zilikuwa za watumishi. Nikamuuliza kama anaikumbuka ile Jumapili.

"Naikumbuka," akasema.

"Kifungo chako kilikuwa cha rangi gani?"

Saa yenu ya ukutani ikagonga. "Cheupe," akasema. "Begi lilikuwa tayari chini ya kitanda, Baba. Tulikuwa tuondoke na yule rafiki yangu, twende Tunduma kwenye biashara. Ilikuwa Jumatatu, kesho yake."

Nikamuuliza kwa nini hakuondoka.

"Kwa sababu na wewe ulisema Ndiyo. Nikasema huyu naye anataka kwenda. Sasa tukiondoka wote wawili, Mama atabaki na nani? Nikafungua begi." Akaufunga mdomo wa mfuko kwa kamba yake. "Nikawa nakuchunga. Kila ukisimama barazani nilikuwa najua ndiyo leo. Ulikuwa unabisha mlangoni kwangu, unaomba kalamu, na mimi nawaza, amekuja kuniaga."

Miaka yote ile, mtoto yuko upande huu wa mlango ananisikiliza mimi, na mimi upande ule namsikiliza yeye. Mama yake yuko kwenye cherehani, katikati yetu, amesikia Ndiyo mbili siku moja kwenye meza yake, na akaendelea kutushonea nguo. Nililia, vijana. Andikeni na hilo kama kuna mahali pa kuliandika.

Aika akangoja. Kisha akaniuliza kile ambacho mama yake hakukiuliza.

"Na chako?"

Kwa muda niliona afadhali nidanganye. Binti yangu alibaki nyumbani, akasoma, akawa mtu, kwa sababu ya Ndiyo yangu. Sasa nimwambie ilikuwa ya mfuko? Lakini nimewataka watu ukweli maisha yangu yote, na huyu hakuwa na mfuko, alikuwa na macho ya mama yake.

"Kilikuwa chekundu, mwanangu," nikamwambia. "Mimi sikuwahi kupanga kwenda popote."

Alinitazama, akatazama kochi, saa, mlango wa chumba chake uliofungwa. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, na machozi yakamtoka papo hapo. Kisha akasimama akachukua funguo zangu za nyumba mezani.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Gesti, kuchukua begi langu," akasema. "Chumba changu bado kipo?"

Nikamwambia kipo, na kimetandikwa.